Jua la Kigoma, Alhamisi Jioni

Huku mwisho wa reli jua halifiki utosini saa 6 mchana. Linafika saa 7, na mwezi wa Februari linapitisha hata dakika 15 zaidi. Kama hamniamini, simameni uwanjani saa 6 kamili mwangalie vivuli vyenu: bado vimelala upande. Saa za nchi nzima ni zile zile, lakini Dar ipo mashariki na sisi tupo magharibi kabisa, tunachungulia Kongo. Jua linaamkia kwao, kwetu linafika limechelewa, na jioni sisi ndio tunaliaga mwisho. Watu wengi hulikumbuka jambo hili Ramadhani tu, wakati wenzetu wa Dar wameshafuturu na sisi bado tunautazama uji unavyopoa. Mimi nalikumbuka kila wiki, maana kazi yangu ni picha, na picha ninazozipenda kuliko zote ni za watoto wakicheza nje.

Desemba iliyopita binti wa dada yangu alikuja likizo na wanawe wawili. Siku ya tatu akaanza malalamiko. "Mjomba, mbona watoto ukiwapiga wewe wanang'aa, nikiwapiga mimi wanatoka kama wamepakwa masizi?" Nikamuuliza anapiga saa ngapi. Akasema yeye si mjinga, anasubiri jua lipoe, anaanza saa 10 jioni na saa 12 kasoro anaweka simu mfukoni maana mwanga umeisha. Nikacheka mpaka akanuna. Saa 12 kasoro, Desemba, Kigoma? Saa hizo huku bado unaanika nguo. Jua lenyewe linazama saa 1 na dakika kama 10, na ule mwanga mtamu wa rangi ya asali ndiyo kwanza unaanza kujisogeza. Alikuwa anafunga duka wateja wakiwa njiani.

Nilimwahidi nitamwandikia vizuri akirudi kwake. Nimechelewa, ninyi wengine mnaoniulizaga swali hilo hilo someni humu humu.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu mimi, aliyekuwa na studio Mwanga, mtaa wa hapa hapa Kigoma, tangu enzi za mkanda. Studio ilikuwa chumba kimoja: pazia lenye maporomoko ya maji, maua ya plastiki, na kitana kilichofungwa kwa kamba ukutani ili wateja wasiondoke nacho. Kwa picha za nje alikuwa na kanuni moja isiyo na mjadala: jua liwe mgongoni kwako, usoni kwao. Ninayo hadi leo picha aliyotupiga kwa kanuni hiyo. Tupo watoto sita wa ukoo, tumepangwa mbele ya stesheni siku ya Idi, saa 5 asubuhi, na sote tumefinya macho kama tunaonja ndimu. Hakuna anayeonekana na furaha. Na mimi nakumbuka kabisa kwamba tulikuwa na furaha, tulikuwa tumeahidiwa soda.

Simlaumu. Mkanda ulikuwa na picha 36 na kila moja ilikuwa na bei. Mikanda ya rangi ilipanda treni kwenda kusafishwa, ikirudi baada ya wiki kadhaa ndipo anajua kama kazi imekuwa au imeharibika. Mtu wa hali hiyo hafanyi majaribio. Alikuwa na hesabu yake ya kichwani: jua likiwa kali, tundu la lenzi weka 16, shata, ile kasi ya kamera kufungua na kufunga mwanga, iwe karibu na namba ya mkanda, yaani mkanda wa 100, shata 1/125 ya sekunde, basi. Hesabu hiyo inafanya kazi jua likiwa usoni kwa unayempiga. Ukimgeuza, imekufa.

Halafu kulikuwa na suala la ngozi. Kodak walikuwa wakisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, mafundi wakiiita Shirley, na mashine ya kuchapisha ilipangwa kwa ngozi ya mama huyo. Yeye akitoka sawa, kazi imekwisha. Mikanda yenyewe kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa kipimo hicho hicho. Ndiyo maana kwenye albamu za wazee wetu kuna watoto ambao ni macho na meno tu, na kuna bibi harusi ambaye shela lake linaonekana kuliko yeye. Siku niliyosoma habari hiyo kilichonichekesha ni kwamba miongoni mwa waliowasukuma Kodak kurekebisha mikanda walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, waliolalamika kwamba kahawia ya bidhaa zao yote inatoka rangi moja. Makabati yametutetea. Kwa mkanda wa namna hiyo, mjomba alikuwa na haki zote za kutusukuma juani tufinye macho.

Lakini kamera ya leo si ile, na mimi niliendelea na kanuni yake miaka mingi baada ya sababu zake kufa.

Siku niliyogeuka haikuwa kwa akili. Nilikuwa Kibirizi, ufukwe wa maboti ya kwenda Gombe, nimemaliza kupiga picha za boti ya bwana mmoja aliyetaka kuiuza, nafunga begi. Watoto wakaja mbio kutoka nyuma yangu, wakanipita, wakaingia majini na nguo zao. Jua lilikuwa limebakiza vidole viwili juu ya milima ya Kongo. (Nyoosha mkono, laza vidole vyako chini ya jua uvihesabu. Huku kwetu jua linashuka wima, kidole kimoja ni dakika 8 hivi. Saa ya bure.) Nikanyanyua kamera nikiwa nimetazamana na jua uso kwa uso, nikabonyeza mara tano sita, nikajua nimepoteza.

Usiku nilipozifungua kwenye kompyuta nikanyamaza. Kila tone la maji walilolirusha lilikuwa linawaka. Wembamba wa masikio yao ulikuwa mwekundu, mwanga umepita ndani ya ngozi kama taa ndani ya karatasi. Mdogo kuliko wote alikuwa na uzi wa dhahabu uliomzunguka kuanzia kichwani, begani, hadi kwenye kiwiko. Mmoja alikuwa amegeuka kuwaita wenzake waliobaki nchi kavu, na macho yake yalikuwa wazi kabisa, maana jua lilikuwa kisogoni. Uso wake ulikuwa na kiza kidogo lakini ulikuwa uso, una kicheko, una pengo la jino. Nilifikiria ile picha ya stesheni.

Tangu hapo mimi huelekea jua. Na hapa ndipo binti wa dada yangu alipokuwa anaumia, kwa sababu hata yeye alikuwa anaelekea jua, bila kujua kwamba ukifanya hivyo lazima uiamrishe kamera. Kamera ikiona jua mbele inaogopa. Inadhani kila kitu kinang'aa kupita kiasi, inafunga mwanga, na mtoto anakuwa masizi. Unatakiwa uchague upande. Ama uokoe uso: ongeza mwanga hatua moja, hata mbili kwa ngozi zetu, uache mbingu iwe nyeupe ikitaka. Ama uokoe mbingu: punguza mwanga, mtoto awe umbo jeusi tupu, na rangi zote za machweo zibaki. Ukikaa katikati unapata uso usioonekana mbele ya mbingu isiyo na rangi. Kwenye simu ni rahisi zaidi: gusa uso wa mtoto kwenye kioo, shikilia hapo hadi alama ya jua itokee, halafu ivute juu au chini kwa kidole.

Na kabla ya kugusa chochote, futa lenzi. Nilipoichukua simu ya binti yule kuiangalia, lenzi ilikuwa na alama ya kidole chenye mawese. Tulikuwa tumekula migebuka mchana. Jua likipiga kwenye lenzi ya mawese picha nzima inapata ukungu, na unaweza kuilaumu simu mwaka mzima. Upindo wa kanga unatosha kufutia. Kisha kinga lenzi kwa kiganja au kofia, kwa juu, uone tu mwanga unavyotulia.

Maumbo meusi yana sharti moja, watoto wasipandane. Wakikaribiana wanakuwa zigo moja lenye vichwa vinne. Mimi hupiga magoti, mara nyingi hulala kabisa mchangani, ili kichwa cha mtoto kipande juu ya mstari wa milima kiingie kwenye mbingu iliyo wazi, halafu nasubiri mkono utengane na mwili, mguu utengane na mguu. Kwa mtoto anayekimbia shata 1/500 inatosha. Kwa anayeruka, na kama nataka matone ya maji yasimame hewani, naanzia 1/1000.

Kuna picha moja maarufu sana ya maumbo ya namna hiyo, na huenda ilipigwa kwenye ziwa letu. Martin Munkácsi, Mhungaria aliyekuwa akifanyia kazi magazeti ya Berlin, mnamo 1930 alipiga wavulana watatu wakilikimbilia wimbi, wametupa mgongo, mikono na miguu imetawanyika, povu jeupe mbele yao. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye baadaye wapiga picha wa dunia nzima walimfanya imamu wao, alisema picha hiyo ndiyo iliyomwasha. Kuna wanaoiandika Liberia na kuna wanaoiandika Ziwa Tanganyika. Nimeliangalia wimbi lile mara nyingi. Upepo wa Julai ukivuma hapa, mawimbi ya kiasi kile tunayo. Ila mimi ni mtu wa Kigoma, ushahidi wangu hauwezi kupokelewa mahakamani.

Ninachokipenda zaidi kwenye picha hiyo ni kwamba haina hata uso mmoja. Hakuna mama ulimwenguni ambaye angeweza kwenda kugonga mlango wa Munkácsi. Wangu uligongwa.

Ilikuwa hivi. Jumanne moja jioni nilimpiga mvulana wa miaka kama 10 akiruka majini kutoka kwenye omo la boti. Picha nzuri, bado naiona kichwani: magoti yamekunjwa hadi kifuani, kinywa wazi, shati limejaa upepo kama tanga, jua limeingia ndani ya shati. Uso nimeuokoa, unaonekana hadi kope. Usiku ule ule nikaiweka kwenye ukurasa wangu, nikaandika chini yake: "Kibirizi, Jumanne jioni." Nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Jumatano saa 3 asubuhi mama mmoja akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye kaka wa picha?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu ndani."

"Sikukaribia. Nakuuliza tu, huyu ni mwanangu au si mwanangu?" Akanionyesha simu.

Nikasema sijui, huenda ni yeye.

"Ni yeye. Jumanne mwanangu alikuwa chuoni, anasoma Kurani. Aliniaga, akachukua na juzuu. Kumbe chuo kimehamia ziwani."

Nikataka kucheka, nikamwona machoni, nikaacha. Alinieleza kwamba alimkataza yule mtoto kwenda ziwani tangu maji yalipopanda, miaka ile ziwa lilipokula ufukwe hadi kwenye kuta za nyumba, na yeye hajui kuogelea wala baba yake hajui. Ustadhi naye alikuwa ameshauliza mara mbili kwa nini mtoto haonekani. Picha yangu ilikuwa imemfikia mama kupitia kundi la WhatsApp la kina mama wa mtaa, ikiwa na maneno "huyu si wa kwako?" Mtoto alichapwa nyumbani, na chuoni akaongezewa.

Niliifuta pale pale akiniangalia, nikamwomba radhi. Ilikuwa imeshasambaa, kufuta kulikuwa ni heshima tu. Ila ile asubuhi ilinikaa. Nilikuwa nimejisifu usiku kwa kuuokoa uso wa mtoto, na uso huo ndio uliompeleka kwenye fimbo. Ngozi iliyolipia picha yangu haikuwa yangu.

Kwa hiyo sasa mambo yangu ni haya, na sijali anayeniona nimekuwa mwoga. Kwanza naongea na mzazi au bibi, mtu mzima yeyote wa mtoto, na namwonyesha picha kabla haijaenda popote. Uso ukitoka nje, unatoka kwa ruhusa. Siandiki siku wala saa. Sare ya shule yenye nembo siipigi kwa mbele. Watoto wanaooga siwapigi kabisa, hata kama mwanga umeteremka kutoka peponi. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo inaziweka taarifa za watoto kwenye fungu la taarifa nyeti, ingawa mimi sikuihitaji sheria, yule mama alitosha.

Jambo la mwisho, ninakwenda Alhamisi. Mwanga mzuri na chuo vina ratiba moja: alasiri hadi magharibi. Mtoto wa Ujiji au Kibirizi unayemkuta anacheza Jumanne saa 12 jioni ama ametoroka, ama ametumwa dukani na amesahau. Alhamisi jioni chuo kimefungwa, hakuna anayejificha, na wote wapo nje mpaka mama zao waite.

Si lazima iwe ziwani. Ujiji, kilomita chache kutoka mjini, ardhi ni nyekundu, na wekundu huo ni taa. Saa 11 na nusu jua likija ubavuni, linapiga chini na kurudi juu, na watoto wanapata mwanga wa rangi ya tofali chini ya kidevu. Nendeni wakati wasichana wanacheza rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi, wa katikati anaukwepa na huku anajaza mchanga kwenye chupa. Wapiga picha wote wanaufuata mpira. Mpira hauna kitu, ni soksi. Mwangalieni anayejaza chupa: mkono mmoja unachota mchanga, jicho moja lipo kwenye chupa na jingine nyuma yake, sketi ameifunga fundo gotini, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akimaliza kujaza anasawazisha kwa kiganja, polepole, kwa makusudi kabisa, kuwakera wanaorusha. Nimeipiga sekunde hiyo labda mara mia na bado sijaipata ninavyoitaka. Vumbi linalotimuka miguuni, ukisimama upande wa pili wa jua, linakuwa kama moshi wa ubani.

Miembe ya Ujiji nayo ni mtego. Watu wanakimbilia chini ya mti wakidhani kivuli ni kivuli. Katikati ya mwembe mwanga unapenya kwa matundu, na mtoto anatoka na madoa meupe usoni kama chui. Msogeze ukingoni mwa kivuli, hatua moja kabla ya jua, atazame nje kwenye uwazi. Pale karibu na mnara wa kukumbuka Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, wageni hupiga mnara; nje ya uzio, kwenye ukingo wa kivuli, kuna watoto wanacheza gololi kwa ugomvi wa kweli. Mimi nimeupiga mnara mara moja tu.

Kuna mwanga mmoja zaidi ambao ni wa Kigoma na sijausoma kwenye kitabu chochote cha kamera. Ni wa asubuhi, saa 3, dagaa wakiwa wameanikwa. Wakiwa wabichi bado wana fedha, na ufukwe mzima au chanja nzima za waya zinakuwa kioo kilicholala chali. Mtoto aliyeachwa na fimbo kufukuza kunguru anachuchumaa hapo anacheza mdako peke yake, jiwe juu, kokoto chini, na mwanga unamfikia kutoka chini, laini, unaondoa kile kivuli kibaya cha kwenye macho ambacho jua la asubuhi likishapanda huwa linaleta. Ngozi nyeusi kwenye mwanga huo inatoka na rangi zake zote. Hakuna studio Dar yenye kioo kama hicho. Wala hakuna inayonuka hivyo, begi langu mke wangu haliruhusu kulala ndani.

Kioo hicho kina kalenda yake. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina kazi, wavuvi wanalala, na asubuhi hakuna cha kuanika. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi wa ziwa kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ufukwe ulibaki mchanga mtupu. Watoto walifurahi, waliugeuza wote kuwa uwanja wa chandimu. Mimi nilipata picha nyingi za mpira na sikupata hata moja ya mdako.

Miezi hiyo ya kiangazi ina shida yake nyingine. Kuanzia Juni moshi wa mioto ya nyika unajaa hewani, na ikifika Agosti na Septemba jua linakuwa sahani nyekundu ambayo unaweza kuitazama bila kuumia, halafu linapotelea kwenye ukungu kabla hata halijaigusa milima. Wageni wanaipenda. Mimi naona mwanga umekosa nguvu, hauchori uzi kwenye mabega. Napenda Novemba, baada ya mvua ya mchana, hewa imeoshwa, milima ya ng'ambo inahesabika mmoja mmoja, na madimbwi yapo kila mahali. Mtoto na dimbwi havihitaji maelekezo.

Mnaniuliza pia nafanyaje wasijipange. Hawazuiliki. Wakiona kamera tu ni "Anko, nipige! Anko, na mimi!" na vidole viwili hewani na mdomo umebetuliwa kama msanii. Mwanzoni nilikuwa nawakemea. Siku hizi nawapiga wote, mmoja mmoja, makundi kwa makundi, kung fu, kila walichonacho, na nawaonyesha kila picha kwenye kioo. Dakika 15 nimezitenga kwa kazi hiyo, ndiyo maana naenda mapema. Inafika wakati wameishiwa hamu na mimi. Mmoja anasema "twendeni bwana," mpira unarushwa, na mimi nakuwa jiwe la ufukweni. Hapo ndipo nakaa chini.

Jua likishazama msifunge begi. Zinabaki dakika kama 20 ambazo mbingu nzima ni taa moja, haina kivuli. Nashusha shata hadi 1/250, napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 au 3200, nafungua lenzi yote, na nawapiga wakirudi nyumbani, wamechoka, nguo zimeganda mwilini, wamebeba viatu mkononi.

Alhamisi iliyopita yule mvulana wa boti alikuwepo. Ameniambia mama yake anajua yupo wapi, na ameniambia bila kuulizwa. Amekua. Sikumpiga, na yeye hakuomba. Alikaa karibu yangu akiniangalia nilivyolala mchangani kama nguru, kisha akasema, "Anko, naweza kushika?"

Nilimvalisha mkanda wa kamera shingoni, nikauzungusha mara mbili, nikamwonyesha pa kubonyeza. Kabla sijamaliza kusema akawa ameshaingia majini hadi magotini, kamera ya watu kifuani, na mimi roho mkononi. Akageuka. Jua lilikuwa nyuma yake, limebakiza kidole kimoja. Akaniambia nisimame vizuri, nisicheke.

Ninayo hiyo picha. Nimesimama wima kama askari wa reli, mchanga umenijaa tumboni, nyuma yangu kuna kina mama wanakunja nyavu, kila kitu kinaonekana sawasawa hadi vifungo vya shati. Na macho nimeyafinya kama naonja ndimu. Nilimtumia mjomba. Alijibu baada ya nusu saa: "Sasa hii ndiyo picha. Nani kapiga?"